Kwa mnaoanza kwaya hapa Nairobi: msikae kwa aina moja ya muziki

Wote mnaoingia kwaya mwaka huu karibuni sana. Kuna mambo huwa narudia kila wapya wanapokuja, wacha niyaweke hapa yote.

La kwanza, usichague sauti kwa sababu ya melodi. Dada wengi wakifika wanataka soprano kwa sababu ndo inaimba ule wimbo wanaoujua, na wanaume wanakimbilia besi wakidhani ni rahisi kwa vile iko chini, halafu miezi inapita koo linauma kumbe mtu ni wa sauti ya tena tu, ile ya juu ya wanaume. Mwache mwalimu akupime. Atakupigia do kwa kinanda upande polepole mpaka pale sauti inaanza kukaza, kisha ushuke mpaka inapopotea, na hapo katikati inapotoka bila kulazimisha ndo kwako. Na ukiwekwa alto, ile sauti ya chini ya wanawake, usihuzunike jamani. Alto anaweza kushikilia nota moja, tuseme so, mstari mzima, unaona kama hakuna kazi, lakini hiyo so inabadilika rangi kila besi anaposogea huko chini, na siku utaisikia hiyo ndo utaelewa kwa nini watu wanapanda matatu mbili jioni wakitoka kazi, mvua inanyesha na jam ya Thika Road iko vile iko, mradi wafike mazoezi.

Ukitaka kujaribu nyumbani tumia wimbo wa taifa. Ulitayarishwa na kamati ya wanamuziki wakati wa uhuru mwaka wa 1963, na tyuni yake imetoka kwa wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Sisi sote tumeuimba pareti, sauti moja, kila mtu na ufunguo wake. Sasa tafuta ulivyopangwa kwa sauti nne, jifunze yako peke yake, halafu uimbe na watu watatu wa sauti zingine. Utashangaa wimbo umeujua tangu nasari na hujawahi kuusikia.

Solfa nayo isiwatishe. Ni herufi tu, d r m f s l t, nukta mbili zinatenganisha mapigo, na kistari kinakuambia endelea kushikilia nota. Ilisambazwa na John Curwen kule Uingereza karne ya 19, akiendeleza kazi ya mwalimu mmoja mama aliyeitwa Sarah Glover, wamisionari wakaileta huku na ikashika kweli kweli kwa sababu haikuhitaji kinanda wala karatasi za bei. Anza na Tenzi za Rohoni, chukua tenzi unayoijua vizuri uimbe solfa yake kabla ya maneno. Ukishazoea jifunze nota za mistari mitano pia, kwa sababu PDF nyingi zinazozunguka kwa grupu za WhatsApp za kwaya za Kikatoliki ziko hivyo, na usipojua utakuwa unangoja mwenzako aimbe ndo umfuate, yaani kila siku uko nusu pigo nyuma yake.

Sasa hapa ndo nataka mnisikilize vizuri. Nairobi ina bahati moja kubwa, kwa wikendi moja unaweza kusikia aina nne tano za kwaya bila kutoka mjini, na kila aina inakufundisha kitu ambacho ile nyingine haikupi. Nenda usikilize Waadventista Jumamosi, wale wanaoimba bila chombo chochote, hapo ndo utajua kusikilizana ni nini kwa sababu hakuna kinanda cha kuwarudisha wakipotea. Jumapili ingia misa ya Kiswahili yenye kayamba na ngoma. Hayo mambo yalipata nafasi kanisani baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani, 1962 hadi 1965, ingawa Kongo walikuwa wametangulia, misa inayoitwa Missa Luba iliimbwa huko tangu 1958, maneno ya Kilatini juu ya uimbaji wa kienyeji wa Kongo, na baadaye Muungano National Choir yetu chini ya Boniface Mganga wakairekodi. Itafuteni hiyo rekodi tafadhali. Sikilizeni vile solo anaita na kwaya inamjibu bila haraka, mwili mzima uko ndani ya pigo na bado kila neno linasikika.

Halafu kuna oratorio, yaani kazi ndefu ya kwaya, waimbaji solo na okestra, mara nyingi ya hadithi ya dini, Desemba hasa, Messiah ya Handel ikiimbwa mahali usikose. Ilisikika kwanza Dublin mwaka wa 1742 na mpaka leo inaumiza watu mbavu, ile mistari mirefu ya nota zinazokimbia kwa silabi moja haiendi ukiwa unapumua juu juu kifuani. Pumua chini, tumbo lifunguke, na mkiwa wengi pokezaneni pumzi, usipumue pale jirani yako anapumua, hivyo sauti ya kwaya haikatiki.

Na Kenya Music Festival, ambayo ilianza 1927, hiyo ni darasa kabisa. Kaa kwa kitengo kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho, kwaya baada ya kwaya zinaimba wimbo ule ule uliochaguliwa, na mwisho mwamuzi anasimama anaeleza nani alifanya nini. Ukitoka hapo masikio yako si yale uliyoingia nayo. Ingia pia vitengo vya nyimbo za kitamaduni, uone watoto wa shule wakiimba isukuti, ile ngoma ya Waluhya, wakicheza na hawapotezi sauti, kisha ujiulize kwa nini wewe huwezi kuimba na mikono ikiwa imelegea.

Kuhusu kushuka sauti, yaani kumaliza wimbo chini ya ufunguo mlioanza nao, kila kwaya inashuka, msilaumiane. Mara nyingi inaanzia mi na ti, hizo zinalegea mkiteremka ngazi ya nota, na pia mkirudia nota moja mara nyingi kila mara inateleza kidogo. Ukiwa unarudia nota ifikirie kama unapanda, na fungua vokali. Sisi wa Kiswahili hapo tuko sawa, a e i o u zetu ziko wazi na za Kilatini zinafanana nazo, ndo maana misa ya Kilatini huwa inakaa vizuri mdomoni kuliko wimbo wa Kiingereza ambapo kila mtu anakuja na vokali ya kwao.

Mengine ni madogo. Beba penseli, andika mahali pa kupumua. Maji, si soda baridi. Rekodi sauti yako kwa simu wakati wa mazoezi usikilize ukirudi kwa matatu. Ukiwa na homa njoo ukae tu, usiimbe, sikiliza sauti zingine, hata hiyo ni mazoezi. Na ukishakaa kwa kwaya yako mwaka mmoja hivi, omba ruhusa kwa mwalimu uende uimbe konsati moja na watu wa muziki tofauti kabisa na wenu, wengi wao wanapokea wageni wanaosoma nota, hasa waimbaji wa tena, hao hawatoshi popote.