Kununua nyumba ndani ya shule ya zamani ya kijiji Uingereza: haya ndiyo ninayoyajua

Mleta mada, umeuliza kama uchukue nyumba kwenye shule ya kijiji iliyogawanywa kuwa makazi huko Uingereza, maana picha zimekuvutia na bei umeiona nafuu. Mimi naishi kwenye moja ya namna hiyo, kwa hiyo nikuambie kidogo.

Nyingi ni za karne ya 19. Baadhi zilijengwa na kanisa la Anglikana, nyingine na bodi za elimu baada ya sheria ya elimu ya 1870. Darasa lilikuwa chumba kirefu, paa liko juu sana, na madirisha yalianzia juu ya kichwa cha mtoto ili asishinde akitazama barabarani. Shida inaanzia hapohapo. Ili zitoke nyumba kadhaa, huwekwa sakafu katikati, na sakafu hiyo hulikata dirisha. Kwangu, sebuleni dirisha ni kipande kilichobana karibu na dari, na chumbani juu linaanzia sakafuni, kwa hiyo pazia ni lazima usije ukawa sinema ya kijiji. Jirani upande wake umeachwa wazi hadi kwenye boriti. Panapendeza mno, ila joto lote linapanda huko, na Januari anakula chakula cha jioni na koti mwilini.

Ukienda kuangalia, achana na jiko jipya. Toka nje ukague viungo kati ya mawe ya ukuta. Kuta hizi ni nene, hazina uwazi katikati, na zilijengwa kwa chokaa, ambayo huacha unyevu utoke. Mjenzi akiziba viungo hivyo kwa saruji, unyevu unanasa ukutani, plasta ya ndani inavimba na rangi inabanduka. Wauzaji hupaka rangi mpya kabla ya wateja kuja, basi nusa pembe za vyumba.

Uliza pia kama jengo limo kwenye orodha ya majengo ya kihistoria. Kama limo, kubadili hata dirisha bila kibali ni kosa la jinai. Popo wakiwa darini nao wanalindwa na sheria, huwafukuzi.

La ardhi ndilo wengi hawalijui. Chini ya sheria ya viwanja vya shule ya 1841, wenye mashamba walitoa viwanja, kila kimoja kisichozidi ekari 1, kwa ajili ya kusomesha watoto wa maskini, na shule ikikoma kiwanja kilirudi kwa ukoo wa mtoaji. Sheria ya 1987 ilibadilisha utaratibu huo: umiliki unabaki kwa wadhamini wa shule, lakini wanaushika kwa niaba ya ukoo huo wenye haki. Kwa hiyo mwambie wakili wako afuatilie hati hadi ile ya kwanza ya kutoa kiwanja, na aone kwa maandishi jinsi haki hiyo ilivyomalizwa. Akikujibu kwamba ni mambo ya zamani hayana maana, tafuta wakili mwingine kabla hujalipa hata amana.