Meli za korosho na Bahari ya Shamu
Mkuu, umeuliza kama meli za korosho zetu zinapita kwenye vita vya Bahari ya Shamu. Hapana, korosho ghafi za Mtwara hazipiti huko. Zikitoka bandarini zinakatiza Bahari ya Hindi moja kwa moja hadi India au Vietnam. Vita vinatufikia kwa pembeni: tangu Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, waanze kushambulia meli katika bahari hiyo Novemba 2023, meli nyingi zinazosafiri kati ya Asia na Ulaya zilianza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kule kusini mwa Afrika, safari ikaongezeka siku 10 au zaidi, makontena matupu yakachelewa kurudi, nauli ikapanda. Mnunuzi huikata nauli hiyo kwenye bei anayoandika mnadani. Ila msisingizie vita kwa kila kushuka kwa bei. Ulizeni kwanza unyevu wa mzigo wenu pale ghalani.