Nimeblichi nywele nyumbani, sasa zina rangi tatu na zinakatika

SWALI: Dada msusi, shikamoo. Nywele zangu nazitia dawa tangu niko sekondari, mara ya mwisho ni miezi miwili iliyopita. Mwaka jana nilikuwa nazipaka rangi nyeusi ya boksi. Jumamosi nilinunua unga wa blichi na kopo la peroksaidi lenye namba 40, nikapaka kuanzia mizizini, nikafunika na mfuko wa rambo, nikakaa chini ya draya kama dakika 50. Nilitaka rangi ya dhahabu. Sasa mizizini ni njano kama kifaranga, katikati rangi ya chungwa, nchani bado nyeusi yenye wekundu. Zikiloa zinavutika, na kitana kinatoka na nywele. Jirani ananiambia nirudie blichi katikati na nchani ili zilingane, mwingine anasema nichanganye na Jik kidogo. Harusi ya dada yangu ni baada ya siku tisa na mimi ndiye mpambe. Nifanyeje? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Jik irudishe chooni inakokaa. Ile ni dawa ya madoa ya nguo na sakafu, itakuunguza ngozi na kuzila nywele zenyewe. Unga wa blichi uliobaki nao ufungie mbali. Wewe umeniandikia habari za rangi, mimi nimekwama kwenye neno moja tu: "zinavutika". Rangi tutaipatanisha. Unywele ulioishiwa nguvu haurudi ulivyokuwa, utabembelezwa tu mpaka uote mwingine.

Ona kilichotokea. Nywele zetu zina rangi ya asili ya aina mbili, moja nyeusi kuelekea kahawia, nyingine nyekundu kuelekea njano. Blichi huimaliza ile nyeusi mapema, hii nyingine ni kaidi. Ndiyo maana kichwa cheusi lazima kipitie wekundu, kisha chungwa, kisha njano, ndipo kifike kwenye dhahabu. Mizizi yako imetangulia kwa sababu iko karibu na ngozi na inapata joto la mwili. Ukaongeza rambo na draya, ikapaa. Saluni mizizi tunaipaka mwisho, na kwa blichi ya kichwani peroksaidi namba 40, yaani asilimia 12, hatuigusi. Namba 20, ya asilimia 6, inatosha, kazi inakwenda polepole ukiwa unaitazama. Nchani nako kuna rangi ya boksi iliyopakwa tabaka juu ya tabaka, na hiyo haing'oki kirahisi kama rangi ya kuzaliwa nayo.

Ila kiini cha kukatika ni dawa. Dawa ya kunyoosha hufanya kazi kwa kuvunja vifungo vya salfa vinavyoupa unywele uimara wake. Blichi inashambulia vifungo hivyohivyo. Ndani ya miezi miwili umeota kama sentimita mbili za nywele ambazo hazijaonja dawa, na hizo ndizo njano. Pitisha vidole ulipo mpaka wa njano na chungwa. Nadhani nyingi zinakatikia hapo, pale nywele ngumu inapoungana na iliyochoka. Ukirudia blichi kama anavyotaka jirani, utabaki na hizo sentimita mbili tu.

Kwa hiyo leo fanya kipimo. Chukua unywele mmoja uliotoka na kitana, uloweshe, uvute taratibu. Mzima hurefuka kama theluthi moja kisha hurudi. Ukivutika kama jojo na kulegea hapohapo, au ukikatika kabla hujavuta, usipake chochote chenye peroksaidi. Pima nyuzi kadhaa kutoka sehemu tofauti za kichwa. Kagua na ngozi: kama kuna malengelenge au vidonda vinavyotoa maji, nenda kituo cha afya kwanza, rangi isubiri ngozi ipone.

Siku nne au tano hizi za mwanzo ni za kuzilisha. Paka mafuta ya nazi usiku kabla ya kuosha; ni kati ya mafuta machache yanayoingia ndani ya unywele, na yanapunguza protini inayopotea ukiosha. Osha kwa maji ya uvuguvugu, weka tritimenti ya protini mara moja, kisha kondishena nzito ya unyevu. Usirudierudie protini, nywele zitakauka kama makuti. Najua utaambiwa upake yai. Protini ya yai ni kubwa mno kuingia kwenye unywele, itabaki juu inanuka. Tafuta tritimenti iliyoandikwa kwamba protini yake imevunjwavunjwa. Pasi na draya ziache kabatini.

Siku ya sita ndipo rangi, na tunarudi chini kwenye kahawia, hatupandi. Shampuu ya zambarau usiinunue: zambarau inazima njano, chungwa inazimwa na bluu, na wewe una vyote viwili. Tafuta rangi isiyo na amonia inayochanganywa na peroksaidi hafifu, isiyozidi asilimia 3. Kwenye boksi, tarakimu ya kwanza ni kiwango cha weusi (kadiri inavyopungua, ndivyo rangi inavyokuwa nyeusi zaidi), inayofuata nukta ni mwelekeo wa rangi. Mizizini paka 5.3, yenye dhahabu, maana ile njano haina wekundu wowote wa kushikilia kahawia. Ukiipaka rangi ya majivu, zile zenye .1, itageuka kijanikijani. Katikati paka 5.0, bluu kidogo iliyomo itaituliza chungwa. Nchani usiguse. Nywele zilizoblichiwa hunyonya rangi kama sifongo, hivyo 5 itaonekana kama 4 na kukaribia nchani kwako. Jaribu kwanza kishungi kimoja kisogoni, na siku mbili kabla ya hapo weka tone la rangi nyuma ya sikio uone kama ngozi inawasha. Ikiwasha, acha kabisa.

Kama kipimo cha kuvuta kilishindwa, tumia rangi ya kahawia isiyo na peroksaidi kabisa. Itaondoka baada ya kuoshwa mara kadhaa, lakini harusi itakuwa imepita.

Siku yenyewe usisuke rasta za kuvuta wala kubandika wigi kwa gundi. Mpaka ule wa sentimita mbili hautastahimili. Zikusanye kisogoni kwa utepe laini, au mwambie fundi anayeshona sare akutolee kilemba cha kitambaa kilekile. Na dawa ya kunyoosha usiiguse tena kwenye kichwa hicho mpaka zote zilizoblichiwa ziwe zimekatwa. Ukipunguza sentimita moja kila mwezi, hutaona kama unapoteza urefu.