Muulize Fundi: Elfu kumi ni ile ile, uniti zimekwenda wapi?

*Shikamoo Fundi. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Chikongola hapa Mtwara. Mwaka jana mwanzo wa mwezi nilikuwa nanunua LUKU ya 10,000 napata uniti 69 na ushee, naongeza kidogo tu mwezi unaisha. Tangu Februari elfu kumi ile ile inanipa uniti 23.8. Ndani sijaongeza kitu isipokuwa friza niliyonunua kwa mtu baada ya msimu wa korosho, naweka samaki wa kuuza. Kijana wangu anasema mita imechezewa. Jirani anasema gesi yetu inakwenda Dar, sisi tunabaki kuumizwa. Nimechoka kununua umeme kama chumvi.*
Mama Samaki, Chikongola

Marahaba mwanangu. Hiyo "isipokuwa friza" umeipitisha harakaharaka kama mtu aliyebeba tenga mbele ya mgambo, lakini nimeiona.

Kwanza tumwachie kijana mita yake. Elfu kumi ya mwanzo wa mwezi haiendi yote kwenye umeme. Hukatwa kodi ya jengo, na kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa ni 1,500 kwa mwezi. Ilianza kukatwa kwenye LUKU Agosti 2021 ikiwa 1,000, ikapandishwa mwaka 2023. Inabaki 8,500. Sasa chukua kalamu. 8,500 ukigawa kwa uniti zako za zamani unapata kama shilingi 122 kwa uniti. Ukigawa kwa 23.8 unapata 357. Hizo bei mbili nazijua kama ninavyojua njia ya kwenda Ligula. Ya kwanza ni ya kundi la D1, wanaotumia umeme mdogo nyumbani: shilingi 100 kwa uniti, juu yake VAT asilimia 18, REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (wadhibiti wa nishati na maji) asilimia 1. Ya pili ni ya T1, kundi la matumizi ya kawaida: 292 na makato hayohayo. Hakuna aliyegusa mita yako. Umehamishwa kundi.

Kilichokuhamisha ni uniti 75. D1 ni ya nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Hata ukiwa bado humo ndani, uniti ya 76 na kuendelea haiuzwi tena 100, inauzwa 350 kabla ya makato, yaani ghali kuliko ya T1. Ukizoea kuvuka, unahamishwa. Kwa maelezo yako mwaka jana ulikuwa unatembea ukingoni kabisa, uniti 70 hadi 75. Kisha ikaja friza.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Friza nzuri, mpira wa mlango mzima, haifanyi kazi muda wote. Inaunguruma, inanyamaza, inaunguruma tena. Hii yako uliyonunua kwa mtu sina hakika kama inanyamaza. Usiku wa leo amka ukanywe maji, simama karibu nayo robo saa usikilize. Ukiona haipumziki, chukua noti ya elfu mbili, ibane kwenye mlango, funga, kisha ivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira umekufa, na joto la Mtwara linaingia humo mchana kutwa. Zungusha noti pande zote nne, maana mara nyingi kona moja tu ndiyo iliyolegea. Tazama na barafu ukutani: ikizidi unene wa kidole, kompresa inahangaika bure.

Nikupe ukubwa wa jambo. Tuseme friza yako ni ya wati 180 (soma kibandiko cha nyuma, kama hakijafutika). Ikiunguruma saa 24 bila kupumzika, ni uniti 4.3 kwa siku. Mwezi uniti 130. Friza yenyewe peke yake imekaribia mara mbili ya kikomo cha D1 kabla hujawasha hata balbu. Iliyo nzima, ya ukubwa huo, ikipata kivuli na nafasi ya kupumua nyuma, nimezipima zinatumia kama uniti moja na nusu kwa siku, tuseme 45 kwa mwezi.

Sasa utaniambia, "Fundi, nirudishe D1." Hapana, na wengi hawatapenda ninavyosema hivi. Matumizi yako ya nyumba ni 70 na kidogo. Ukiongeza 45 za friza nzima, ni zaidi ya 115. Huwezi kurudi D1 ukiwa na samaki ndani. Ukienda ofisi za TANESCO, shirika la umeme, kuomba watakutazamia matumizi yako, na matumizi yatakukana. Unachoweza kufanya ni kuacha kuihesabu friza kama mali ya jikoni. Ni mtaji. Ikiwa mbovu, nyumba na friza ni uniti 200, yaani shilingi 71,000 na zaidi kwa mwezi. Ikitengenezwa, uniti kama 117, shilingi 42,000 hivi. Tofauti ni karibu elfu thelathini kila mwezi, na mpira mpya wa mlango haufiki mbali na hapo. Hiyo sehemu ya friza, shilingi 16,000, iingize kwenye bei ya samaki. Kama samaki hawawezi kuibeba, basi iuze friza, uchukue samaki wa siku kwa siku pale feri.

Isogeze pia mbali na jiko. Na samaki waliotoka kuoshwa wasiingie wakiwa na joto la jua.

Kuhusu jirani na gesi: maneno hayo tuliyasema sana mwaka 2013, na gesi ya Mnazi Bay imekuwa ikipita kwenye bomba kwenda Dar tangu 2015. Mtu anaweza kuwa na la kusema juu ya hilo. Lakini bei ya uniti ni moja nchi nzima, Msimbati na Mwanza sawa. Bomba hilo halikuongezei hata shilingi moja kwenye LUKU yako.

Kabla sijakuacha, fanya jaribio moja kwa ajili ya kijana. Chomoa kila kitu, zima taa zote, mtume akatazame taa ndogo nyekundu ya mita. Ikitulia, mmemaliza. Ikiendelea kupepesa, umeme unavuja mahali. Nyumba moja Shangani, karibu na bahari, niliikuta inapepesa huku kila kitu kimezimwa. Kumbe waya wa taa ya uani ulizikwa bila bomba, chumvi imeula, mvua zikinyesha unamwaga umeme mchangani. Mwenye nyumba alikuwa ameshagombana na wapangaji wawili. Hilo si la kushughulikia mwenyewe: zima swichi kuu, ita fundi mwenye leseni.

*Fundi, habari za kazi. Tunakaa wapangaji wanne, LUKU moja, tunachanga sawa. Mimi nina balbu moja na simu. Mwenzangu ana feni, pasi na birika la umeme. Ni haki?*
Mpangaji, Mtanda, Lindi

Si haki, na unajua. Balbu ya wati 9 kwa saa tano kila siku haifikishi uniti moja na nusu kwa mwezi. Feni ya wati 60 ikizunguka kwa muda wa saa nane kila usiku ni zaidi ya 14. Birika la wati 2,000 likichemka dakika tano mara tatu kwa siku, 15. Pasi iache, inategemea ana mashati mangapi. Dawa ya kudumu ni mita ndogo ya ndani kwa kila chumba, ambayo mafundi wa mjini wanaifunga. Mkishindwa, gaweni kwa vifaa, si kwa vichwa. Na mkumbushe mwenye nyumba kwamba kodi ya jengo ni yake. Ikishakatwa kwenye LUKU yenu, awapunguzie kwenye kodi ya chumba. Kumbukeni pia kwamba vyumba vinne kwenye mita moja ni rahisi sana kuvuka zile 75.

*Je, jiko la presha la umeme linakula umeme? Mkaa umenishinda.*
Bibi wa Mikindani

Shikamoo bibi. Maharage ya nyumba nzima yanakula kama nusu uniti, maana jiko lenyewe likishafika presha hujizima na kuwaka kidogo kidogo. Kwa bei ya T1 ni chini ya shilingi 200. Lilinganishe na kopo la mkaa unalonunua hapo mtaani. Usifungue kabla mvuke haujaisha. Ming'oko, ile mizizi ya porini tunayokula huku kwetu, sijaijaribu humo. Mke wangu amekataa, anasema lazima ichemke kwenye sufuria.