Jibu: Nibadilishe breki za rimu niweke za diski?

Habari ndugu. Umesema breki za rimu (zinazobana ukingo wa gurudumu) za baiskeli yako ya umeme zinateleza mvua ikinyesha, ukishuka kutoka Kangemi kwenda Westlands, Nairobi, na unauliza kama uhamie breki za diski, zinazobana sahani ya chuma katikati ya gurudumu. Kwa njia hiyo, ndiyo, angalau gurudumu la mbele. Baiskeli yenye mota na betri hufika hata kilo 25 kabla hujaikalia, na rimu iliyolowa hukawia kushika hadi pedi zifute maji.

Ila usinunue chochote kabla ya kukagua foki, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele: ina sehemu ya kufungia breki ya diski? Na habu (kitovu cha gurudumu) ina matundu ya kufungia diski, kwa kawaida sita? Yasipokuwepo, utabadilisha foki na gurudumu zima. Tafadhali usimkubalie fundi akuchomelee sehemu hiyo kwenye foki ya zamani. Foki ikikatika mteremkoni ni maisha yako.

Mimi nilichukua diski za waya, si za mafuta, maana fundi wa mtaani anaweza kuzikaza. Niliwahi kupulizia cheni oili ikarukia diski, pedi zikaharibika kabisa.

Ukibadilisha mikono ya breki, hakikisha waya wa kukata mota, unaoizima ukishika breki, umerudishwa.