Jina la senene wa Kilimanjaro: tuisahihishe tahajia yake?

Mwalimu mmoja wa biolojia kutoka Moshi anauliza: "Naandaa maelezo ya wadudu wa msitu wa Kilimanjaro. Yuko mmoja aitwaye Aerotegmina kilimandjarica. Naweza kuandika 'kilimanjarika' ili jina lisomeke Kiswahili? Na kwa lugha yetu nimwite nyenje?"

Mwalimu, jina liache kama lilivyo, pamoja na hiyo d. Jina la kisayansi huandikwa vilevile katika kila lugha, na tahajia inayofuatwa ni ya mtaalamu aliyelitangaza kwanza. Hapa ni Claudia Hemp, mwaka 2001. Jina la jenasi lianze kwa herufi kubwa, la spishi kwa ndogo hata kama limetokana na mlima, na yote mawili yaandikwe kwa hati za mlazo.

Wanafunzi hukaririshwa majina haya bila kuambiwa kwamba yana sarufi, nami naona wanapunjwa. Kilimandjarica ni kivumishi cha Kilatini. Kinaishia na -a kwa kuwa Aerotegmina ni nomino ya jinsia ya kike. Nasi husema mti mrefu lakini kiti kirefu. Ndugu yake wa milima ya Pare Kusini ni Aerotegmina shengenae: hiyo -ae inafanya kazi ya "wa", yaani "wa Shengena". Yuko pia Aerotegmina vociferator, "mpiga kelele". Hilo ni nomino, kwa hiyo halibadiliki hata spishi ikihamishiwa jenasi nyingine. Katika sentensi ya Kiswahili wote wafuate upatanisho wa viumbe hai: "Aerotegmina wawili wanalia", si "mbili zinalia".

Kuhusu nyenje, hapana. Nyenje wa kweli ni wa familia ya Gryllidae. Huyu wako ni wa Tettigoniidae, familia ya senene wanaoliwa Bukoba, Ruspolia differens. Wote wana papasi ndefu, yaani nyuzi za kugusia kichwani, ndiyo maana watu huwachanganya. Mshike mkononi umtazame: nyenje kwa kawaida hulaza bawa la kulia juu ya la kushoto, jamaa za senene hulaza la kushoto juu. Kisha hesabu vipingili vya unyayo wake. Nyenje ana vitatu, senene vinne.

Mimi ningeandika "senene wa msituni", nikaongeza "wa msituni" ili msomaji wa Kagera asidhani ni kitoweo, kisha jina la kisayansi likafuata hapohapo.