Jibu: Tidal na Spotify kwenye stereo moja, mbona moja inasikika hafifu?

Salamu ndugu. Nimekuelewa: wimbo uleule, spika zilezile, simu imeunganishwa na ampu (kikuza sauti) kwa Bluetooth, lakini kati ya programu hizi mbili za kusikiliza muziki mtandaoni, Tidal inasikika imejaa na Spotify hafifu.

Anza na ukubwa wa sauti. Ingia kwenye mipangilio ya programu zote mbili uzime kile kipengele cha kusawazisha sauti za nyimbo. Kikiwashwa upande mmoja tu, mwingine utapiga kwa nguvu zaidi, na sikio hudhani chenye nguvu ndicho kizuri. Hata desibeli 1 inatosha kukupotosha.

Kisha achana na Bluetooth kwa jaribio hili. Kwa kawaida inabana sauti upya, kwa hiyo FLAC ya Tidal (muundo unaobana sauti bila kupoteza chochote) haifiki nzima kwenye ampu. Mimi natumia waya wa USB kutoka kwenye simu hadi DAC (kifaa kinachogeuza sauti ya kidijitali kuwa ya analojia), halafu nyaya za sauti za RCA hadi kwenye ampu. Kagua pia ubora uliochagua kwa Wi-Fi, maana huwekwa kando na ule wa data.

Hapo mwombe mtu akubadilishie programu bila kukuonyesha, usikilize matoazi na mwangwi unavyofifia. Kwangu, Vorbis ya kbps 320 (muundo wa Spotify unaopunguza baadhi ya data ya sauti) na FLAC hukaribiana mno. Kusogeza spika mbali na ukuta kulileta tofauti kubwa zaidi.